Taa ya Nyuma Ianzie Kwenye Keria

Baiskeli inayobeba mzigo baada ya jua kutua ina upande mmoja ambao mwendeshaji wake hawezi kuulinda kwa macho yake mwenyewe, nao ni upande wa nyuma, ambako uhai wake unategemea iwapo dereva anayemfuata atamwona mapema au atamwona akiwa amekwisha kuchelewa. Katika kata ya Kipawa, wilayani Ilala, ambako makazi yanapakana na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere na ambako Barabara ya Nyerere, iliyojulikana zamani kama Barabara ya Pugu, hupitisha malori, mabasi, bajaji na bodaboda mchana na usiku, baiskeli imebaki kuwa chombo cha kazi zaidi kuliko cha mazoezi: hupeleka mikate na trei za mayai madukani, hubeba madumu ya maji, magunia ya mkaa na kreti za soda, na mzigo huo hukaa juu ya keria, yaani kile kibebeo cha chuma kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma. Hoja ya makala haya ni kwamba taa nyekundu na kiakisi mwanga vya baiskeli ya aina hiyo havipaswi kuchaguliwa kwa kuangalia kwanza ukali wa mwanga wala bei, bali kwa kuangalia keria na mzigo unaokaa juu yake, kwa sababu taa nzuri kuliko zote ikishafunikwa na gunia haimsaidii mtu yeyote.

Ni vema kwanza kutenganisha vifaa viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa dukani na barabarani. Taa ya nyuma ni kifaa kinachotoa mwanga wake chenyewe, kwa nguvu ya betri au ya dainamo, na huonekana hata na mtu ambaye hana taa yoyote mkononi mwake wala kwenye chombo chake. Kiakisi mwanga, ambacho mafundi na wauzaji wengi hukiita reflekta, hakitoi mwanga hata kidogo. Kazi yake ni kuupokea mwanga wa taa za gari linalokuja na kuurudisha kule kule ulikotoka, ili dereva aone nukta nyekundu inayong'aa mbele yake. Taa inaweza kuishiwa betri, kukatika waya au kuibwa, ilhali kiakisi kizima na kisafi hakihitaji chochote zaidi ya kuangaliwa na taa za gari. Kwa upande mwingine, kiakisi hakina msaada mbele ya pikipiki ambayo taa yake imeungua. Kwa hiyo vifaa hivi havishindani, na mjadala wa kipi kati ya viwili kinatosha ni mjadala ambao haukupaswa kuwapo.

Hata hivyo mjadala huo una historia ndani ya sheria za kimataifa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 kuhusu usafiri wa barabarani, katika Kifungu cha 26, uliitaka kila baiskeli iwe na breki inayofanya kazi, kengele, taa nyeupe au ya njano mbele, na nyuma iwe na taa nyekundu au kiakisi chekundu kuanzia giza linapoingia, na hivyo mwendeshaji aliachiwa achague kimoja. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, katika Kifungu cha 44, ulikwenda mbele zaidi kwa kudai kiakisi chekundu nyuma wakati wote pamoja na vifaa vya kuiwezesha baiskeli kuonyesha taa nyekundu nyuma na nyeupe au njano mbele. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, na mwendeshaji wa Kipawa anayetaka kuwa upande salama wa sheria hana haja ya kuhesabu ni kipi kidogo kabisa kinachomtosha. Akifunga taa nyekundu isiyomemeteka pamoja na kiakisi chekundu, vyote vikitazama nyuma bila kuzibwa, atakuwa ametimiza masharti ya mikataba yote miwili kuhusu upande wa nyuma kwa wakati mmoja.

Suala la rangi halipaswi kupuuzwa, kwa kuwa masoko yamejaa vitaa vinavyomemeteka kwa rangi ya bluu, kijani na nyekundu kwa zamu, na si ajabu kukuta kiakisi cheupe kilichotolewa mbele ya baiskeli nyingine kikiwa kimefungwa nyuma kwa sababu ndicho kilichopatikana. Wakazi wa Kipawa wanaoishi chini ya njia ya ndege wana mfano wa suala hili juu ya vichwa vyao kila usiku, maana kila ndege inayotua hubeba taa nyekundu kwenye ncha ya bawa la kushoto, kijani kwenye bawa la kulia na nyeupe mkiani, na rubani mwingine akiziona rangi hizo hujua mara moja ndege ile inaelekea wapi. Barabarani mpangilio ni mwepesi zaidi, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na baiskeli inayoonyesha nyeupe kwa nyuma humwambia dereva kwamba kuna chombo kinachomjia, naye anaweza kuchukua uamuzi wa kukwepa ambao ndio utakaomgonga mwendeshaji.

Dar es Salaam iko karibu na ikweta, takriban nyuzi 7 kusini, na kwa sababu hiyo jua hutua kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, kisha mwanga wa machweo unaotosha kuona bila taa hudumu kwa dakika 20 na ushei tu. Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya machweo ya kiangazi huburuta kwa muda mrefu na mwendeshaji hupata nafasi ya kujiandaa. Kipawa giza huingia wakati ule ule ambapo wafanyakazi wa viwanda vilivyo kando ya Barabara ya Nyerere wanatoka kazini na wachuuzi wanafunga biashara. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kwa sekunde moja, kwa hiyo dereva anayechukua sekunde moja na nusu kutambua hatari na kufikia breki atakuwa amekwisha kwenda mita 21 kabla gari halijaanza kupunguza mwendo, na atahitaji mita nyingine 14 hivi kusimama kwenye lami kavu. Kwa kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao madereva wengi huufikia barabara inapokuwa nyeupe usiku, jumla hiyo hukaribia mita 70. Taa za gari zilizoinamishwa kwa ajili ya kupishana haziwezi kumfichua mtu aliyevaa nguo nyeusi kwa umbali wa namna hiyo, na mvua ya masika ikishalowesha lami na kioo cha mbele, hesabu huwa mbaya zaidi.

Hapa ndipo keria inapoingia. Taa nyingi za nyuma zinazouzwa leo zimebuniwa kwa ajili ya baiskeli zisizobeba kitu, na hufungwa kwa mpira au kibanio kwenye bomba linaloshikilia kiti. Kwa mwendeshaji wa mazoezi mahali hapo panafaa, kwani ni juu na ni wazi. Kwa mchuuzi wa Kipawa mahali hapo ni kana kwamba ni ndani ya nyumba: dumu moja tu la lita 20 likisimamishwa kwenye keria linatosha kuziba bomba la kiti lote, na kreti mbili za soda zilizopandishwa moja juu ya nyingine huziba hata mgongo wa mwendeshaji pamoja na kizibao cha kuakisi mwanga ambacho pengine amekivaa kwa nia njema. Kuna wanaoihamishia taa hiyo kwenye fremu karibu na ekseli ya nyuma, na huko hufunikwa na madigadi, hurushiwa matope na gurudumu, na kuonekana kwa upande mmoja tu. Sehemu pekee ambayo mzigo wa kawaida hauifuniki ni ukingo wa nyuma wa keria yenyewe, chini kidogo ya usawa wa mzigo, pale ambapo vyuma vya pembeni hukutana.

Mahali hapo panapatana pia na vipimo vya nchi ambazo zimeweka sheria za kina. Kanuni za taa za magari za Uingereza za mwaka 1989 zinataka taa ya nyuma ya baiskeli iwe kati ya milimita 350 na 1,500 kutoka ardhini, na kiakisi kiwe kati ya milimita 250 na 900. Gurudumu la inchi 28, ambalo ndilo la baiskeli nyingi za kazi za mtindo wa zamani kama Phoenix na Avon, lina kipenyo cha sentimita 71 hivi pamoja na tairi, kwa hiyo ukingo wa keria hukaa kwenye sentimita 75 hadi 80, yaani ndani ya mipaka yote miwili. Kimo hicho kina maana yake: kiakisi kikiwa juu sana hutoka kwenye eneo ambalo taa zilizoinamishwa huliangazia vizuri, na kikiwa chini sana hujaa tope kabla mwendeshaji hajafika barabara kuu.

Kiakisi kinastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu ndicho kinachodharauliwa zaidi, huku kikiwa ndicho kifaa chenye ufundi mwingi kwa bei ndogo. Upande wa nyuma wa plastiki yake nyekundu umechongwa vijipembe vingi vidogo, na kila kimoja kina nyuso tatu zilizokutana kwa pembe mraba kama kona ya ndani ya sanduku. Mwanga ukiingia humo hugonga uso wa kwanza, wa pili na wa tatu, kisha hutoka ukiwa sambamba na njia uliyoingilia, hata kama haukuja moja kwa moja. Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kwenye vioo ambavyo wanaanga wa Apollo 11 waliviacha mwezini mwezi Julai 1969, na ambavyo wanasayansi wameendelea kuvipiga miale ya leza kutoka duniani ili kupima umbali wa mwezi. Vijipembe hivyo hufanya kazi kwa sharti kwamba nyuma yake kuna hewa kavu iliyozibwa. Kiakisi kikipata ufa na maji ya mvua yakaingia, sehemu iliyolowa hufa kabisa, ingawa kwa mchana itaendelea kuonekana nyekundu na nzima. Halafu kuna vipande vya plastiki nyekundu visivyo na vijipembe vyovyote, ambavyo ni mapambo tu, na muuzaji asiye mwaminifu au asiyejua huviuza kwa jina lile lile.

Njia ya kuvitofautisha haihitaji maabara. Mnunuzi akikiweka kiakisi mahali penye kivuli, akarudi nyuma hatua kumi, kisha akaiwasha tochi ya simu na kuishikilia ubavuni mwa jicho lake, kiakisi halisi kitalipuka kwa wekundu mkali uliojaa uso wote, ilhali kile cha mapambo kitabaki kama kilivyokuwa. Jaribio hilo lina hatua ya pili ambayo ni muhimu kuliko ya kwanza: simu ikisogezwa mbali na jicho kwa urefu wa mkono, wekundu ule hufifia, kwa kuwa mwanga hurudi kwenye tochi na si kwenye jicho lililo mbali nayo. Dereva wa lori yuko katika hali hiyo ya pili wakati wote, kwani macho yake yako juu zaidi ya taa za lori lake kuliko macho ya dereva wa gari dogo yalivyo juu ya taa zake, na kwa sababu hiyo kiakisi kile kile huonekana hafifu zaidi kwake. Katika barabara inayotumiwa na malori mengi kama ya Nyerere, jambo hili peke yake linatosha kuthibitisha kwamba kiakisi hakiwezi kuachiwa kazi yote.

Jambo jingine ni mwelekeo. Viakisi vya daraja la kawaida la magari hupimwa kwa mwanga unaokuja kwa mwinamo wa hadi nyuzi 10 juu au chini na nyuzi 20 kulia au kushoto, na nje ya mipaka hiyo uwezo wake hushuka. Keria ya baiskeli iliyobeba magunia kwa miaka miwili au mitatu huinama kwa nyuma, na pamoja nayo huinama bati la kiakisi, hadi kifaa kilichokuwa kikitazama barabara kikawa kinatazama ardhi mita chache nyuma ya gurudumu. Yeyote anayezipita baiskeli zilizoegeshwa nje ya duka ataona hali hiyo, kiakisi kipo na hakijavunjika, lakini kimelala. Kukinyanyua ni kazi ya spana moja na dakika mbili, na kwa maoni ya makala haya hiyo ndiyo huduma ya usalama yenye faida kubwa kuliko nyingine yoyote ambayo fundi baiskeli wa mtaani anaweza kuitoa bila mteja kuiomba.

Kuhusu ubora, mnunuzi anayekwenda Kariakoo kutafuta vipuri anaweza kusoma alama zilizochongwa kwenye plastiki yenyewe. Herufi E ndani ya duara, ikifuatiwa na namba, inaonyesha kwamba kifaa kimepimwa chini ya kanuni za Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya na kwamba namba ile ni ya nchi iliyotoa kibali, ambapo 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi na 43 ni Japani. Karibu na hapo herufi IA hutaja daraja la kiakisi. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Ujerumani huwa na mstari wa wimbi ukifuatiwa na herufi K na namba, na kiakisi kikubwa cha nyuma huongezewa herufi Z. Alama ya BS 6102 ni ya Uingereza na ISO 6742 ni ya kimataifa. Alama zinaweza kughushiwa, na kwa hiyo jaribio la tochi halikwepeki, lakini kifaa kisicho na alama yoyote kinamtaka mnunuzi akitilie shaka kwanza.

Baiskeli zilizotumika zinazoletwa kutoka Japani zina faida ambayo wanunuzi wengi hawaitumii ipasavyo. Sheria ya Japani inataka nyuma ya baiskeli kuwe na taa nyekundu au kiakisi kinachoonekana kutoka mita 100 kwa taa kamili za gari, na kwa sababu hiyo baiskeli hizo huja na kiakisi kizuri kwenye madigadi au chini ya keria, na baadhi yake zina dainamo ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele. Zikifika hapa, keria nyepesi ya Kijapani hung'olewa na kuwekwa nzito ya kuchomelea, na kiakisi huondoka na keria ile ya zamani. Hasara hiyo ingezuilika kwa kukihamisha tu.

Taa nayo ina mambo yake. Dainamo ya kawaida ya baiskeli hutoa volti 6 na wati 3, ambazo kati yake wati 2.4 hutengewa taa ya mbele na 0.6 taa ya nyuma, na kwa balbu za zamani mgao huo ulitoa mwanga hafifu uliozimika kabisa mwendeshaji aliposimama kwenye makutano, yaani pale alipouhitaji zaidi. Taa za LED zimebadilisha hesabu hiyo, kwa kuwa hutoa mwanga mwekundu moja kwa moja bila kupoteza sehemu kubwa kwenye kioo cha rangi, na zilizo nzuri huhifadhi umeme kidogo wa kuendelea kuwaka kwa dakika kadhaa baada ya gurudumu kusimama. Dainamo inayosuguana na ubavu wa tairi ina kasoro ya kuteleza tairi likilowa, lakini haidai kuchajiwa, na kwa mtu anayefanya kazi kila siku hilo si jambo dogo. Taa ya betri inayochajiwa kwa waya wa simu inafaa kwa sharti kwamba mwenyewe ana umeme wa uhakika na anakumbuka. Taa inayotumia betri ndogo za kawaida inafaa zaidi kwa asiye na hayo mawili, kwani betri zake hupatikana kwenye duka lolote la mtaani. Kwa upande wa maji, alama ya IPX4 inamaanisha kifaa kinahimili maji yanayorushwa kutoka pande zote, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha kukubaliwa katika mji wenye masika, vuli na upepo wa bahari unaokula viungio vya shaba.

Mwanga usiomemeteka unastahili kupewa nafasi ya kwanza. Uingereza iliruhusu taa za kumemeteka kwa baiskeli mwaka 2005, kwa masharti ya mipigo 60 hadi 240 kwa dakika, na Ujerumani imeendelea kuzikataa. Sababu ya tahadhari ni kwamba jicho la dereva hupata shida kukadiria umbali na mwendo wa nukta inayowaka na kuzimika, hata kama nukta hiyo inamvuta macho haraka. Kwa barabara yenye bodaboda zinazopita kushoto na kulia, ambako kukadiria umbali ndiko kila kitu, mwanga unaotulia una faida kubwa zaidi. Utafiti uliofanyika Odense, Denmark, mwaka 2004 hadi 2005, ukihusisha waendesha baiskeli 3,845, ulionyesha kwamba wale waliofungiwa taa za kudumu zinazowaka wakati wote gurudumu linapozunguka walipata ajali za kuumiza pungufu kwa asilimia 19 kuliko wenzao. Odense si Kipawa, na barabara zake zina njia za baiskeli za kutosha. Somo linalohamishika ni dogo lakini la uhakika, kwamba taa iliyofungwa moja kwa moja na isiyongoja mtu aikumbuke hufanya kazi siku ambazo ile ya kubandika na kubandua ingebaki nyumbani.

Kwa ufungaji, watengenezaji wa Ulaya wamekubaliana juu ya vipimo rahisi: taa ya keria huwa na bolti mbili ambazo umbali kati yake ni milimita 50 au milimita 80. Keria nyingi za kuchomelea zinazotengenezwa Dar es Salaam hazina bati la kupokea bolti hizo, lakini fundi anayeweza kuchomelea keria anaweza bila taabu kukata kipande cha chuma bapa, kukitoboa matundu mawili kwa milimita 80, na kukichomelea kikiwa kimesimama wima chini ya ukingo wa nyuma, kikiwa kimeingia ndani kwa sentimita moja au mbili ili kisigongwe baiskeli inapoegemezwa ukutani. Bati pana kidogo hubeba taa na kiakisi kwa pamoja, na taa nyingi za aina hii huja na kiakisi ndani yake. Mwizi atahitaji spana na muda, tofauti na taa ya kibanio inayoondoka kwa vidole viwili. Inabaki mizigo inayoning'inia, kama magunia yaliyotandazwa kwa pembeni au mafurushi marefu yanayopita ukingo wa keria, ambayo hakuna bati litakaloyashinda; kwa hayo dawa ni kiakisi cha pili kilichoshonewa kwenye kipande cha tyubu kuukuu, ile ile mipira inayotumika kufungia mizigo, ili kila mzigo ukifungwa kiakisi kijikute juu yake kwa nje.

Ziko hoja zinazopinga kumtwika mwendesha baiskeli mzigo huu wote, nazo si za kubezwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 chama cha waendesha baiskeli cha Uingereza kilipinga kwa nguvu taa ya nyuma kuwa lazima, kikisema wajibu wa kuona ni wa anayeendesha gari na kwamba dereva asiyeweza kusimama ndani ya umbali anaouona anakwenda mbio kupita haki yake. Sheria ya mwaka 1927 iliruhusu kiakisi badala ya taa, ile ya 1934 ikaongeza sharti la eneo jeupe kwenye madigadi ya nyuma, na giza la vita mwaka 1939 likailazimisha taa nyekundu, kisha sheria ya 1945 ikaifanya ya kudumu. Baka jeupe kwenye mkia wa madigadi, ambalo hadi leo hupakwa kwenye baiskeli nyingi nyeusi za mtindo wa Kiingereza zinazotengenezwa India na kuuzwa Afrika Mashariki, ni masalia ya mvutano huo wa Waingereza, na wengi wanaolisafisha kila Jumapili hawana habari kwamba lilikuwa kifaa cha usalama. Chama kile kilikuwa na haki katika maadili, na dereva wa Barabara ya Nyerere anayekimbiza gari gizani hapaswi kupata kinga ya kusema baiskeli haikuwa na taa. Lakini anayestahili lawama na anayeumia ni watu wawili tofauti, na Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka duniani kote, asilimia 6 kati yake vikiwa vya waendesha baiskeli.

Kile kisicho haki ni kumwachia mchuuzi gharama na ujuzi wote peke yake. Baiskeli mpya hufika nchini ikiwa vipande ndani ya boksi na kuunganishwa na fundi wa duka, na huo ndio wakati ambapo bati la taa, kiakisi chenye alama na waya wa dainamo vingefungwa kwa gharama ndogo kuliko wakati mwingine wowote. Shirika la Viwango Tanzania lina mamlaka juu ya ubora wa bidhaa zinazoingia, na sharti kwamba keria ya baiskeli ya kazi iwe na bati lenye matundu mawili na kiakisi chekundu cha daraja linalojulikana lingeugusa mfuko wa mwagizaji kwa kiasi ambacho hata mnunuzi asingekihisi. Vyama vya waendeshaji, kama Umma wa Wapanda Baiskeli wa Dar es Salaam, UWABA, vimefanya kazi ya kudai njia za baiskeli, na suala la keria linaweza kuingia kwenye orodha hiyo bila kuisubiri njia yoyote kujengwa. Askari wa usalama barabarani wanaosimama jioni kwenye makutano ya Barabara ya Nyerere wangefanya kazi kubwa zaidi kwa kumwelekeza mwendeshaji kwa fundi wa karibu na kumtaka arudi kesho yake na kiakisi kilichonyooka, kuliko kumnyang'anya chombo kinachomlisha. Na kwa kuwa fundi huyo mara nyingi yuko umbali wa kutupa jiwe, chini ya mwembe au pembeni ya kituo cha daladala, akiwa na spana namba 10 mkononi, agizo hilo linaweza kutekelezwa kabla giza halijaingia.